Kikunjo cha Bondeni

Waridi Hassan hakuwa mtu wa kujisifu, lakini ule ukurasa aliupenda. Aliupenda kama mtu anavyoipenda nguo aliyoishona mwenyewe ikamkaa sawasawa. Mara kadhaa kwa siku, akiwa kwao Likoni kwenye chumba cha juu anachofanyia kazi, aliufungua kwenye simu bila sababu yoyote, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akatabasamu peke yake, kisha akarudi kwenye kazi za watu wengine.

Ulikuwa ukurasa wa kamati ya wakaazi wa Kwa Mwachiro, kule Utange. Watu wa Kwa Mwachiro wamekaa kwenye shamba la mtu miaka hamsini na zaidi. Wengine wamezaliwa hapo, wamezaa hapo na wamezika hapo, na bado wanaitwa maskwota. Mwaka huu warithi wa mwenye shamba walikubali, baada ya kesi iliyochosha mawakili, kila aliyejenga apimiwe kipande chake na aandikwe. Wapimaji walikuwa na siku tatu tu. Siku ya eneo lako usimame kwenye kona ya kiwanja chako, kitambulisho mkononi, nyumba yako nyuma yako. Usipokuwepo unaandikwa hayupo. Na mahali pasipokuwa na nyumba panaandikwa kiwanja wazi, na kiwanja wazi kinarudi kwa warithi. Shamba lenyewe lina maeneo matatu: Juu, Kati na Bondeni. Juu ilikuwa Jumanne, Kati Jumatano, Bondeni Alhamisi. Kazi ya ukurasa ilikuwa kuwaambia watu hayo, wasipotee.

Wasanifu wa tovuti wana ugonjwa wao. Mtu mwengine akiambiwa kivinjari chake kimepata toleo jipya, hubonyeza “baadaye” akaendelea na mambo yake. Waridi hukaa kitako akasoma orodha nzima ya vilivyoongezwa, kama mwanamke anayesoma barua iliyotoka kwa mumewe baharini. Kwake yeye kivinjari ni fundi anayejenga kile anachokichora. Fundi akijifunza kazi mpya, mchoraji hutuliwa mzigo. Alijua wiki ile ile kisanduku kilipoanza kuweza kujipanga kwa kutazama upana wa mahali kilipowekwa, badala ya upana wa simu nzima. Alijua pia siku sehemu ya nje ya ukurasa ilipoweza kubadilisha rangi kwa kuangalia tu kilichomo ndani yake. Na ndivyo alivyovijua vikunjo.

Kikunjo ni kichwa cha habari. Ukikigusa, maelezo yake yanafunguka chini yake. Ukikigusa tena yanajifunga. Zamani, ukitaka kimoja kikifunguka vyengine vijifunge, ulilazimika kuandika maagizo marefu ya kompyuta, na simu dhaifu ilikuwa ikiyapakua maagizo hayo huku mwenye simu akihesabu bando lake likiyeyuka. Sasa unavipa vikunjo vyote jina moja, basi, na kivinjari chenyewe kinaelewa kwamba hivi ni ndugu na havifunguki kwa pamoja. Waridi aliandika jina moja akafuta mistari sitini. Akaujaribu ukurasa kwenye simu saba, ya mamake ikiwemo, na ya fundi baiskeli wa pale mtaani ambayo kioo chake kimepasuka kama utando wa buibui. Zote saba zilifanya sawa. Ukifungua ukurasa unamkuta Juu amekunjuliwa, na Kati na Bondeni wamekunjwa chini yake, wanangoja kidole.

Kwenye orodha ile ile alisoma kitu chengine. Kwamba sasa msanifu anaweza kulifikia tumbo la kikunjo lenyewe, na kwa hivyo anaweza kukiagiza kivinjari: mtu akiutoa ukurasa huu kwenye karatasi, vikunjue vyote. Ni mistari mitatu tu. Waridi alilisoma hilo akaguna.

“Nani achapishaye tovuti siku hizi?” akajiambia. Akapita.

*

Jumatano, saa sita na nusu mchana, alipigiwa simu na Baya, mwenyekiti wa kamati.

“Waridi, umetumaliza.”

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, lakini umetumaliza. Wapimaji walitangulia jana kupiga vigingi Bondeni. Bondeni wameving'oa vyote. Wamevitupa chooni.”

“Wamevitupa kwa nini?”

“Wasema umewatoa. Wasema kwenye tovuti Juu wana tarehe, na wao hawana kitu.”

Waridi aliifungua simu yake ya pili palepale. Akagusa. Bondeni ikafunguka vizuri, laini: Alhamisi, saa mbili asubuhi, njoo na kitambulisho.

“Mwenyekiti, ipo. Mimi naiona. Gusa hapo palipoandikwa Bondeni.”

“Nimegusa.”

“Haya, imefunguka?”

“Waridi, hii ni karatasi. Karatasi haigusiki.”

“Karatasi gani?”

“Ya Mansur wa saiba. Iliyobandikwa.”

Ikabidi Baya aeleze. Ijumaa iliyopita Mansur, mwenye saiba, duka la intaneti, pale stejini Utange, aliufungua ukurasa kwenye kompyuta yake, akauprinti nakala arubaini bila kudai hata shilingi, akaenda kuzibandika: msikitini, kanisani, kwenye mlango wa mashine ya kusaga na kwenye kioski cha maji cha Bondeni. Hakufanya kosa. Ndivyo mambo yanavyokwenda pale. Simu ni ya salamu na umbea. Jambo likiwa la kweli hubandikwa ukutani. Hata waliokuwa na simu nzuri hawakuufungua ukurasa. Waliipiga picha ile karatasi wakatumiana picha.

“Na Kati? Kati nao hawana tarehe kwenye hiyo karatasi.”

“Kati nakaa mimi. Niliwaambia kwa mdomo.”

“Na Bondeni kwenye kamati yuko nani?”

“Alikuwa mzee mmoja. Alifariki mwezi wa Rajabu. Hatujachagua mwengine.”

Picha ya karatasi ikaingia. Waridi akaitazama. Juu palikuwa na kila kitu, siku, saa, mahali pa kusimama, mpaka namba ya kupiga. Chini yake, neno Kati. Chini yake, neno Bondeni. Na chini ya Bondeni hapakuwa na chochote, weupe mtupu mpaka mwisho wa karatasi. Miaka ya nyuma tingatinga lilipokuja Kwa Mwachiro kuvunja nyumba, lilianzia Bondeni. Mtu wa Bondeni aliyesimama kwenye kioski na ndoo yake, akaliona jina la kwao limeandikwa na hakuna kitu chini yake, hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Alikaa kwenye kompyuta akaandika ile mistari mitatu. Ilimchukua dakika nne. Kisha akavaa buibui, akavuka kivuko.

*

Saa tisa na nusu alikuwa kwenye saiba ya Mansur, wanatoa karatasi mpya. Safari hii vikunjo vyote vilitoka wazi, Bondeni na tarehe yake na saa yake. Mansur aliishika ile ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwengine, uso umemshuka.

“Wallahi sikujua, dada. Nilidhani ndivyo ilivyo.”

“Ndivyo ilivyokuwa,” Waridi akasema. “Si wewe.”

Waliteremka Bondeni na Baya. Kwenye kioski cha maji palikuwa na watu kama thelathini, wamesimama kama watu waliokuwa wakimngoja mtu wa kumfokea, na sasa amekuja. Mbele yao alikaa mama mmoja juu ya ndoo aliyoipindua, leso mbili, miguu ameinyoosha. Huyu ndiye Nyamvula. Hakuwa na cheo chochote, ila alikuwa wa kwanza kujenga Bondeni, na tingatinga lilipokuja yeye ndiye aliyekataa kutoka ndani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiwe wa hiyo tovuti?”

“Ndimi.”

“Mdigo?”

“Mdigo wa Likoni, mama.”

“Basi Wadigo mmeanza lini kuwagawia Wagiriama ardhi?” Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Waridi naye akajaribu kucheka ikashindikana.

Baya akaitoa karatasi mpya, akaisoma kwa sauti. Alhamisi. Saa mbili. Kitambulisho. Alipomaliza, mwanamume mmoja aliyeegemea kioski akaibandua ile ya zamani ukutani akaziweka pamoja.

“Mwenyekiti, hii ya kwanza mliandika kabla hamjajua kwamba tutaona. Hii ya pili mmeandika baada ya kujua kwamba tumeona. Sasa ya kweli ni ipi?”

Waridi aliona kwamba karatasi ile mpya, kwa vile ilivyokuwa nzuri, ilikuwa inaharibu zaidi. Akachutama karibu na Nyamvula, akatoa simu. Ukurasa wenyewe hakuwa ameubadilisha. Alikuwa amebadilisha karatasi tu.

“Mama, mimi nitakuonyesha ilivyokuwa. Wewe tazama. Hapa ni Juu, pamefunguka. Sasa nagusa hapa chini, Bondeni. Umeona? Mmekuwemo humu tangu siku ya kwanza.”

Nyamvula hakujua kusoma, lakini macho yake yalikuwa mazima. Aliinama.

“Na lile la Juu limekwenda wapi?”

“Limejifunga.”

“Lifungue.”

Waridi akaligusa Juu. Juu ikafunguka, na Bondeni ikajikunja polepole, kwa ule ulaini alioutafutia siku mbili nzima.

Watu wakaguna wote kwa pamoja.

“Kwa hivyo wao wakifunguliwa, sisi twafungwa,” akasema Nyamvula.

“Sivyo, mama, ni vile tu...”

“Nimeona kwa macho yangu. Rudia.”

Waridi hakutaka kurudia. Nyamvula akainyoosha mikono yote miwili, akaishika simu mwenyewe, akagusa na kidole gumba. Bondeni wazi, Juu imefungwa. Juu wazi, Bondeni imefungwa. Akafanya hivyo mara nne, watu wanatazama.

“Ni wewe uliyeitengeneza ifanye hivi?”

“Ni mimi.”

“Kwa nini?”

Waridi alilitafuta jibu la kweli. Kulikuwa na jibu la kupendeza, kwamba kivinjari sasa kinaweza na zamani hakikuweza. Hilo alilimeza.

“Ili ukurasa uwe mfupi, mama.”

“Uwe mfupi!” Yule wa kwenye kioski akapiga kofi paja lake. “Jamani mmesikia? Tumetolewa ili ukurasa uwe mfupi!”

Wapo waliocheka na wapo waliotukana. Waridi alibaki amechutama pale pale, uso umemwaka moto. Akaichukua simu, akamwambia Nyamvula angoje, na mbele yao wote, kwenye kiskrini kile kidogo, akaingia ndani ya ukurasa akalitoa lile jina la undugu na vikunjo vyenyewe. Kila kitu kikabaki wazi, kirefu, kibaya, cha kuteremka na kidole mpaka chini.

“Sasa hakuna kinachofunga,” akasema.

Nyamvula alimtazama yeye, hakuitazama simu.

“Mwanangu, unabadilisha upesi mno. Kitu kinachobadilika upesi hivyo mimi nitakishikaje?” Akainuka kwenye ndoo. “Leo utalala hapa.”

“Nilale?”

“Nyumbani kwangu. Kesho kama waja kupima, utawaona. Kama laja tingatinga, nalo tutaliona sote.”

Baya akaanza kusema kwamba huyu ni mtoto wa watu na ana kwao. Waridi akamkatiza.

“Nitalala.”

*

Nyumba ya Nyamvula ilikuwa ya udongo na paa la bati, safi, kuta zimepakwa chokaa hadi nusu. Upande wa pili wa ua palikuwa na nyengine, ndogo, kuta nne na mlango. Juu mbingu.

“Hiyo ya nani, mama?”

“Ya mwanangu, Lewa. Jana aliezua bati akazipakia kwenye mkokoteni na mkewe na watoto, wakaenda Mikindani kwa shemeji yake. Alisema hangoji kuvunjiwa, angalau bati zipone.” Akamenya muhogo bila kuinua kichwa. “Yeye kafika darasa la nane. Karatasi aliisoma mwenyewe. Mimi nisiyejua kusoma ndiye nimebaki.”

Waridi akaomba Lewa apigiwe. Nyamvula akampigia kwa simu yake ndogo, akazungumza Kigiriama maneno machache makali, kisha akampa Waridi.

“Haloo, kaka.”

“Wewe ndiwe mwenye ile tovuti?”

“Ndimi. Tafadhali rudi. Kesho saa mbili wanapima Bondeni. Kosa lilikuwa langu mimi, si la kamati.”

Nyuma ya simu kulikuwa na magari mazito ya barabara ya Nairobi.

“Niliisoma ile karatasi mara tatu,” Lewa akasema. “Nikaigeuza nyuma, nikidhani labda tuko upande wa pili.”

Akaendelea:

“Bati zimeshapigiliwa misumari kwa shemeji. Na kesho nina zamu Changamwe, godauni la saruji. Nikikosa zamu nimekosa kazi.”

“Njoo wewe mwenyewe basi, kaka. Usimame tu kwenye kona.”

“Nikisimama bila nyumba itakuwa nini?”

“Sijui. Lakini usiposimama najua.”

Akakata.

Mamake Waridi alipopigiwa Likoni aliuliza mara mbili: kulala Utange kwa nani? Akajibiwa, kwa watu, mama. Usingizi haukumjia Waridi. Alfajiri alipoinuka alikuta mkeka umeshatandikwa na kopo la maji ya udhu pembeni yake, na Nyamvula, aliyevaa msalaba shingoni, anachochea moto jikoni kama hakuna alilolifanya.

*

Wapimaji walifika saa mbili na robo, wanne, wakiongozwa na binti wa bara aitwaye Cheryl, kofia ya chuma kichwani, buku kubwa kwapani. Bondeni nzima ilikuwa kimya. Milango imerudishwa, na nyuma ya kila mlango ungeweza kuhisi macho. Kwenye kona alisimama Nyamvula peke yake, kitambulisho amekishika mbele ya kifua, na Waridi kando yake kama mtu aliyewekwa dhamana.

“Mama, hapa ni kwako?”

“Ni kwangu.”

“Umeishi hapa miaka mingapi?”

“Nilikuja na Lewa tumboni. Sasa Lewa ana mvi. Hesabu wewe.”

Cheryl akacheka, akaandika. Vijana wake wakapiga kigingi kwenye kona, wakavuta kamba, wakapiga chengine. Hakuna kilichoanguka. Mlango mmoja ukalia, akatoka mwanamke na mtoto mgongoni, akaenda kusimama kwenye kona yake. Kisha yule mwanamume wa kioski, hamtazami mtu. Haikufika nusu saa Bondeni ikawa imejaa watu waliosimama kwenye pembe za viwanja vyao, wima, kama watu wanaongoja kupigwa picha. Waridi aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Alidhani yamekwisha.

“Hii inafuata ni ya nani?” Cheryl akaelekeza kalamu kwenye zile kuta nne.

“Ya mwanangu. Yuko njiani,” akasema Nyamvula, ingawa hakuna aliyepiga simu kusema yuko njiani. “Anza kule chini kwanza, mwanangu. Hapa umalizie.”

“Sawa, lakini saa tano nafunga kitabu. Tuna site ingine.”

Hakuna aliyewaagiza watu wa Bondeni. Ila kuanzia pale kila kitu kilianza kwenda polepole. Mzee mmoja alikitafuta kitambulisho chake kwenye mifuko yote minne, na alikuwa amekishika mkononi. Mama mwengine alibishana na jirani yake kuhusu mnazi uliokatwa miaka kumi nyuma, ulikuwa wa nani, mpaka jirani mwenyewe akasahau kama wanaigiza akakasirika kweli. Nyumba ya saba walileta uji. Nyumba ya nane waliuliza habari za wazazi wa Cheryl, mmoja mmoja, na za shamba lao, na mvua kama ilinyesha huko.

“Nyinyi watu wa Pwani mtanimaliza na salamu,” akasema Cheryl, lakini uji aliunywa.

Waridi alipiga simu ya Lewa mara kumi na moja. Ilikuwa imezimwa.

Saa tano kasorobo ikasikika bodaboda inateremka. Lewa alishuka kabla haijasimama vizuri. Alikuwa mweupe kwa saruji tangu nywele hadi viatu, ovaroli ya kazini, jasho limechora mifereji usoni. Hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kiwanja chake akasimama, kitambulisho amekitanguliza mbele, anahema.

Cheryl alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

“Nyumba iko wapi?”

“Hii.”

“Hizi ni kuta, bro.”

“Paa liko Mikindani.”

“Mimi naandika chenye naona.”

Waridi akaingia kati. Akaeleza yote, karatasi, vikunjo, mistari mitatu aliyoipuuza, kwa haraka na bila mpangilio, akijua kwamba anaonekana mwendawazimu. Cheryl alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo lazima lisemwe, alimsikiliza.

“Dada, nimekuskia. Na nakuamini. Lakini mimi si korti. Naandika mwenyewe yupo, kwa sababu yupo. Na naandika kiwanja wazi, kwa sababu ni wazi. Zote mbili.” Akaandika zote mbili. “Ana siku kumi na nne kulalamika kwa wakala wa warithi, ofisi iko town. Lakini asiende na mdomo tupu. Aende na kitu kimeandikwa.”

Wakapiga vigingi vya nyumba ya jirani, wakafunga kamba zao, wakapanda kilima kwenda kwenye gari. Lewa alibaki kwenye kona. Mamake akamuuliza Waridi kule kwenye buku kumeandikwa nini, na Waridi akamwambia kama kulivyo. Nyamvula akaitikia kwa kichwa, akaingia jikoni, akatoka na sahani ya muhogo, akampa Waridi kwanza. Ingekuwa afadhali angemtukana.

*

Adhuhuri Baya alikuja na picha za kurasa za buku, uso umechangamka.

“Waridi, kazi nzuri. Bondeni ishirini na moja, ishirini safi kabisa. Weka matokeo sasa hivi, watu wa ng'ambo waone.”

Waridi alikuwa na kompyuta yake ndogo kwenye mkoba. Akakaa kwenye kibaraza, akaandika majina moja baada ya jengine, bila mapambo. Alipofika kwa Lewa Baya akainama karibu naye.

“Hilo liache kwanza.”

“Niliache vipi?”

“Lisionekane. Mpaka mambo yake yatengenezwe kimyakimya. Likionekana wataanza kuuliza kamati ilifanya nini. Na kuna mashamba mengine mawili yananiuliza nani alitutengenezea tovuti. Nilikuwa nimewapa jina lako.”

Lewa alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake isiyo na paa, hatua kumi tu kutoka pale. Alikuwa anasikia, na hakujifanya hasikii.

Waridi aliandika. *Lewa, mwana wa Nyamvula, Bondeni. Mwenyewe alikuwepo siku ya kupimwa. Nyumba yake ilikuwa na paa mpaka Jumanne. Aliiezua kwa sababu tangazo la kamati, lilipotolewa kwenye karatasi, halikuonyesha tarehe ya Bondeni. Kosa hilo lilikuwa la aliyetengeneza ukurasa huu.* Kisha akaweka jina lake mwenyewe kamili, na namba yake ya simu, na namba ya kitambulisho.

Baya alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

“Wewe binti, hiyo ukiiweka hakuna atakayekupa kazi Kisauni hii tena.”

“Huenda.”

“Na kamati itakuwa imekubali kosa!”

“Kamati sikuitaja.”

“Nakwambia toa.”

Waridi akabonyeza. Ukurasa ukajaa upya, na jina lilikuwa pale, katikati ya wenzake, na maelezo yake marefu yameharibu mpangilio wote.

Baya akachukua simu yake akapanda kilima bila kuaga. Kabla hajafika juu walikuwa wanamsikia akizungumza na mtu kwa hasira.

Lewa akainuka, akaja, akasoma kwenye kioo cha kompyuta. Alisoma taratibu, midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Saruji ilimwagika kutoka kwenye mkono wake ikaanguka juu ya vibonyezo.

“Hii ndiyo nitakayokwenda nayo?”

“Ndiyo hii. Nitaitoa kwenye karatasi, na nitakwenda nawe, niwaambie mimi mwenyewe.”

“Wakikataa?”

“Sijui, kaka.”

“Zamu nimeshaikosa. Huenda hata kazi sina.” Alisema hivyo bila kulaumu, kama mtu anayesoma orodha. “Ofisi yafunguliwa lini?”

“Jumatatu. Jumatatu twende, inshallah.”

“Inshallah sitaki,” akasema Lewa. “Nataka saa.”

Waridi alimtazama, kisha akatazama zile kuta nne na jua lililokuwa limejaa ndani yake.

“Saa mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni.”